Hazadi kwenye lori: lini uwashe, lini uzime, na zikigoma ufanye nini

Kila wanapoingia madereva wapya kwenye malori, maswali huwa ni yale yale. Nikipanda mlima na mzigo niwashe hazadi, yaani indiketa zote zipige kwa pamoja? Kwenye ukungu je? Nikisimama pembeni dakika mbili kugonga matairi? Na huyu aliye mbele yangu, anayetembea na hazadi kilomita baada ya kilomita, ana maana gani? Kuliko kujibu mmoja mmoja, nimeyaweka hapa yote kwa mpangilio unaofuata safari yenyewe, tangu kukagua gari mpaka kukunja vifaa na kuondoka.

Shika jambo moja kwanza, maana hatua zote zinatoka hapo. Hazadi zina neno moja tu la kusema: "Mimi ni kikwazo." Hazisemi samahani, hazisemi nanyoosha, hazisemi nivumilieni niko kazini. Anayekuja nyuma akiziona anatakiwa afanye kitu ambacho asingekifanya: aachie mafuta, ajiandae kusimama, au ahame leni. Kama hakuna anachotakiwa kubadilisha, zima. Kama kipo, washa mapema kabla hajakifikia kisogo chako.

Kwenye lori jambo hili lina uzito kuliko kwenye gari dogo. Usiku, lori lililosimama na lori linalotembea hayana tofauti ukiyatazama kwa nyuma. Yote ni ukuta mweusi wenye taa mbili nyekundu. Dereva anayekuja kwa kilomita 100 kwa saa anakula karibu mita 28 kila sekunde. Sekunde tatu za kujiuliza "huyu anatembea au amesimama?" ni zaidi ya mita 80 zimekwisha, na hajagusa breki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ujue swichi ya hazadi iliko, kwa kidole, gizani. Ni ile yenye alama ya pembetatu nyekundu. Ukipewa gari usilolizoea, itafute kabla hujaingiza gia.
- Pembetatu tatu za tahadhari, zilizo nzima na zenye miguu inayosimama kwenye upepo.
- Kizibao cha kuakisi mwanga, kimoja chako na kimoja cha utingo. Vikae ndani ya kebini. Kizibao kilichofungiwa kwenye boksi la nje hakikusaidii, kwa sababu utashuka bila kukivaa ili ukakifuate.
- Tochi inayowaka kweli.
- Kabari za magurudumu.
- Fyuzi za akiba, balbu za indiketa za akiba, na kitambaa cha kufutia taa.
- Sheria ya nchi unayopita.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, hasa wanaovuka mipaka. Sheria hazifanani. Uingereza, mwongozo wa barabara unasema usiendeshe huku hazadi zinawaka, isipokuwa uko kwenye barabara kuu za mwendo kasi na unahitaji kuwaonya walio nyuma juu ya hatari iliyo mbele. Ujerumani, gari linalovuta na linalovutwa yote mawili lazima yawashe hazadi; Uingereza, gari linalovutwa halitakiwi kuziwasha. Marekani kila jimbo lina lake. Florida, kwa mfano, tangu Julai 2021 inaruhusu kuendesha na hazadi pale ambapo mwonekano ni mbaya mno, ila tu kwenye barabara zenye kikomo cha maili 55 kwa saa na kuendelea. Kwa hiyo chochote utakachosoma hapa chini, sheria ya ulipo ndiyo inayotangulia.

Hatua kwa hatua

1. Zikague kabla ya kuondoka. Washa hazadi, shuka, zunguka gari zima. Usikubali kuambiwa na mtu aliyesimama mbele kwamba "zinawaka". Tazama mbili za mbele, za ubavuni, mbili za nyuma ya kichwa cha lori, mbili za nyuma ya tela. Jaribu na swichi ya gari ikiwa imezimwa, kwa sababu hazadi zinatakiwa kuwaka hata ufunguo ukiwa umetoka. Zikiwaka ufunguo ukiwa ndani tu, kuna kasoro. Ipeleke kwa fundi umeme kabla ya safari.

Futa vioo vya taa. Barabara ya vumbi au tope inaweza kufunika taa za tela mpaka zisionekane kabisa, na wewe uliyeko mbele hujui. Futa pia stika za kuakisi mwanga zilizo nyuma na ubavuni. Siku umeme ukikata, hizo ndizo pekee zitakazobaki kukutetea.

2. Gari likianza kuleta shida, toa indiketa kwanza. Hapa ndipo wageni wanapokosea zaidi. Tairi limepasuka, au moshi unatoka, au nguvu zinakwisha. Mkono unakimbilia hazadi, halafu gari linaanza kuvutwa pembeni. Aliye nyuma anaona pande zote mbili zinawaka. Hajui unakwenda kushoto, kulia, au unasimama hapo hapo. Kwenye malori mengi, hazadi zikiwaka mkono wa indiketa haufanyi kazi tena, kwa hiyo hata ukiupiga hakuna anayeona.

Utaratibu ni huu: kama mwendo unashuka taratibu, toa indiketa ya upande unaokwenda, toka barabarani, ukishatoka kabisa ndipo uwashe hazadi. Kama mwendo umeporomoka ghafla na kuna magari mgongoni, washa hazadi mara moja zipige mara tatu nne, zizime, toa indiketa, ondoka. Na kama gari limekataa kabisa kusogea kutoka kwenye leni, hazadi zibaki zinawaka, hakuna cha indiketa hapo.

3. Ukishasimama, washa kabla ya kufungua mkanda. Kanuni za malori za serikali kuu ya Marekani ni wazi: ukisimama barabarani au kwenye bega la barabara kwa sababu yoyote isiyo ya kawaida ya msongamano au taa, hazadi ziwake papo hapo, na pembetatu ziwe zimekwisha pangwa ndani ya dakika 10. Hata kama hauko Marekani, mpangilio huo ni mzuri kuuiga. Hazadi ni za sekunde ya kwanza. Pembetatu ndizo za kazi ndefu.

Vuta breki ya maegesho. Vaa kizibao ukiwa bado kwenye kiti. Tazama kioo kabla ya kufungua mlango, na kama unaweza, shukia upande usio na magari. Kisha weka kabari.

Usiku acha taa ndogo ziwake pamoja na hazadi. Taa kubwa za mbali zizime, hasa kama umesimama ukitazamana na wanaokuja, maana utawapofusha wasione chochote kilicho mbele yako.

4. Panga pembetatu. Zifungue ukiwa nyuma ya tela, zishike mbele ya kifua chako upande unaong'aa ukiwatazama wanaokuja, utembee nje ya barabara, ukiwakabili. Usitembee ukiyapa magari mgongo.

Kwenye barabara ya pande mbili, mpangilio wa Marekani ni pembetatu moja karibu na gari, umbali wa mita 3 hivi, upande wa magari yapitayo. Ya pili mita 30 nyuma. Ya tatu mita 30 mbele ya kichwa, kwa ajili ya wanaotoka upande wa pili. Hatua 40 za mtu mzima zinakaribia mita 30. Kwenye barabara ya upande mmoja zote tatu zinakaa nyuma: mita 3, mita 30, mita 60. Ukiharibikiwa baada ya kona au mara tu baada ya kuvuka mgongo wa kilima, pembetatu ya mbali ivuke kona au mgongo huo, mpaka pale mtu anapoiona kabla hajakuona wewe. Inaweza kufika mita 150.

Kwa maoni yangu, mita 30 ni chache mno kwenye barabara ya kasi. Rudia ile hesabu: kwa kilomita 100 kwa saa, mita 30 ni sekunde moja na kidogo. Ujerumani, kwenye barabara za kasi, watu hufundishwa kuweka pembetatu kama mita 100 nyuma, na hiyo ndiyo ningeichukua mimi palipo na bega pana la kutembelea. Ila kuna mahali ambapo kutembea ni hatari kuliko kukaa. Uingereza wanakataza kabisa kuweka pembetatu kwenye barabara zao kuu za mwendo kasi, kwa sababu mwenye kuiweka ndiye anayegongwa. Bega likiwa jembamba, magari yakipita yanakutikisa nguo, na hakuna ukingo wa kujikinga, acha hazadi zifanye kazi, toka kwenye gari, vuka kizuizi cha chuma, kaa mbali na uite msaada.

Umebeba mafuta, gesi au kitu kingine kinachoshika moto? Usiwashe mwenge wala kibatari cha aina yoyote barabarani kuwa ndiyo ishara yako. Pembetatu na tochi tu.

5. Ukiwa wa mwisho kwenye foleni ya ghafla, washa. Hii ndiyo hali moja ya kutembea na hazadi ambayo sina ubishi nayo. Uko kwenye barabara ya kasi, mbele magari yamesimama, wewe ndiye mkia. Kanyaga breki mapema na kwa upole, washa hazadi, acha nafasi mbele yako, na macho yawe kwenye vioo. Nafasi hiyo ya mbele ndiyo utakayoitumia kusogea ukiona anayekuja hajapunguza.

Wakishafika wawili watatu nyuma yako na wao wamewasha, zima. Mkia si wewe tena. Foleni nzima ikiwaka hazadi kwa nusu saa, hakuna anayejua mwisho uko wapi, na anayetaka kuhama leni hana indiketa ya kutumia.

Baadhi ya malori mapya hufanya hivyo yenyewe: ukikanyaga breki kwa nguvu ukiwa juu ya kilomita 50 kwa saa, indiketa zote zinaanza kupiga haraka haraka. Usishtuke, si kasoro.

6. Mlimani, tazama tofauti ya mwendo. Hapa maswali huwa mengi kuliko kwingine kote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenda polepole peke yake si sababu. Barabara ina malori kumi yanayopanda kwa kilomita 30, na hata magari madogo yamekwama nyuma yao. Kila mmoja anaona kinachoendelea. Hazadi hapo zinaongeza kelele za macho tu. Lakini barabara ile ile ikiwa wazi, wenzako wanapanda kwa 80 na wewe uko gia ya chini kwa 25, wewe ni kikwazo hasa. Kipimo ninachotumia: nikiwa chini ya nusu ya mwendo wa wengine, nawasha. Nikiikaribia nusu na kuivuka, nazima. Kwenye baadhi ya milima ya Marekani vibao vinawaagiza madereva wa malori kuwasha hazadi wakishuka chini ya mwendo fulani. Penye kibao, fuata kibao na usitumie kipimo changu.

Washa kabla mwendo haujaporomoka. Lori lenye mzigo hupoteza mwendo kwa kasi ya ajabu linapobadilisha gia mlimani, na ni katika sekunde hizo ndipo wa nyuma hujikuta amelifikia.

Mambo matatu ya kuangalia ukiwa mlimani na hazadi:

Kwanza, kaa kwenye leni ya polepole. Hazadi hazikupi haki ya kushika leni ya kupitia.

Pili, huna indiketa. Ukihitaji kulikwepa gari lililoharibika mbele, zima hazadi kwanza, toa indiketa, hama, kisha washa tena kama bado unahitaji.

Tatu, kwenye malori na matela yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, mara nyingi balbu moja nyekundu ndiyo breki na ndiyo indiketa. Hazadi zikiwa zinapiga, aliye nyuma anaweza asijue umekanyaga breki, au ukikanyaga breki hazadi zinaacha kupiga na taa zinabaki zimetulia. Jaribu gari lako ukiwa umesimama, mwenzako awe nyuma anatazama, ujue lako linafanya nini.

Mteremko mrefu ni hivyo hivyo. Unashuka gia ya chini kulinda breki, wengine wanateremka kwa kasi. Kipimo ni kile kile. Ila breki zikianza kutoa harufu au kanyagio likawa laini, usingoje kipimo chochote: washa, tafuta pa kutokea, piga honi.

7. Ukirudi nyuma au ukiziba barabara, washa. Unaingiza tela kwenye lango kwa kinyumenyume, kichwa kimekatisha barabara nzima. Huo ni ukuta wa mita 15 au zaidi, na usiku ubavu wa tela karibu hauonekani. Hazadi ziwake kabla hujaanza kuziba. Utingo au mtu mwingine asimame mahali ambapo anayekuja atamwona, akiwa na kizibao na tochi, na wewe umwone kwenye kioo. Usipomwona, simama. Ukishanyoosha gari, zima.

8. Kwenye reli na unapovutwa. Magari yanayobeba mizigo ya hatari, katika baadhi ya nchi, hulazimika kusimama kabla ya kuvuka reli hata kama hakuna treni. Marekani ni kati ya mita 4.5 na mita 15 kutoka reli ya kwanza. Anayekufuata huenda hajui umebeba nini na hatarajii usimame kwenye njia tupu. Washa hazadi kabla hujaanza kupunguza, simama, tazama, sikiliza, vuka bila kubadilisha gia ukiwa juu ya reli, zima ukishavuka.

Kuhusu kuvutwa, nimekwisha sema sheria zinapingana. Uliza kwanza. Palipo na ruhusa, gari la nyuma ndilo muhimu, na kumbuka kwamba likiwaka hazadi halina namna ya kuonyesha kona. Wa mbele lazima atoe indiketa mapema mno.

9. Kuondoka. Gari limepona. Usizime hazadi bado. Kanuni za Marekani zinataka ziwake muda wote unapokusanya pembetatu, na sababu ni rahisi: kuanzia unapoinyanyua ya mbali kabisa, kinga imepungua na wewe bado uko barabarani kwa miguu. Kusanya, hesabu ziwe tatu, toa kabari, toa na mawe au matawi uliyoweka, kama uliweka. Jiwe lililoachwa barabarani gizani litamuua mtu ambaye hata hukumwona. Panda, funga mkanda, zima hazadi, toa indiketa, subiri nafasi. Ongeza mwendo ukiwa kwenye bega la barabara ikiwezekana, kisha ingia. Ukiingia na uko chini sana ya mwendo wa wengine, washa tena mpaka ufikie mwendo.

Makosa ninayoyaona kila siku

*Hazadi kwa kunyoosha kwenye makutano.* Kosa hili limeenea nchi nyingi na linafundishwa na madereva wakongwe. Dereva anafika njia panda, anakwenda moja kwa moja, anawasha hazadi kumaanisha "sikati kona". Sasa jiweke kwa anayekuja kutoka kulia kwako. Yeye anaona upande mmoja tu wa lori lako, na upande huo taa inapiga. Kwake hiyo ni indiketa. Anaamini unakata kona, anaingia barabarani mbele yako. Ukinyoosha, usiwashe chochote.

*Hazadi kwenye mvua na ukungu huku unatembea na wenzako.* Nia ni njema, matokeo siyo. Wa nyuma hajui kama unatembea au umesimama, anaweza kufunga breki za ghafla kwenye lami yenye maji. Nawe unapoteza indiketa. Washa taa kubwa za karibu na taa nyekundu ya ukungu ya nyuma kama gari lako linayo, punguza mwendo, ongeza nafasi. Ukilazimika kutambaa kwa mwendo wa kutembea, au kusimama, hapo ni kikwazo na hazadi zina haki yake. Ukungu ukizidi, toka barabarani kabisa, mbali, mahali pa kuegesha. Kusimama kwenye ukingo ndani ya ukungu na hazadi kunaweza kumvuta mtu akudhani uko leni ya magari, akakufuata.

*Hazadi kama kibali cha kuegesha vibaya.* Umesimama kwenye kona ununue maji, umewasha, unaona umetimiza wajibu. Askari atakuandikia, na atakuwa na haki. Kama unaweza kusogea mita 300 mpaka mahali salama, sogea.

*Hazadi mahali pa kulala.* Uko ndani ya maegesho rasmi, nje ya barabara. Zima, ulale. Hapo si kikwazo kwa mtu.

*Kushukuru kwa hazadi.* Kupiga mara moja au mbili kumshukuru aliyekupisha ni desturi ya madereva wengi na sitajifanya mkali sana. Ila usiifanye mlimani, kwenye kona, wala kwenye kundi la magari, kwa sababu atakayeiona si yule tu uliyemkusudia.

*Kuzisahau.* Swichi iko mbali na macho, kelele ya injini inafunika mlio wake. Jizoeze kutazama dashibodi kila unapopandisha gia ya juu. Hazadi zinazowaka bila sababu huwafundisha wengine kuzipuuza, na siku mwenzako ameharibikiwa kweli wanampita kwa kasi ile ile.

Zikigoma

*Indiketa zinafanya kazi, hazadi haziwaki.* Anza na fyuzi. Kwenye malori mengi hazadi zina fyuzi yake. Ikiwa nzima, shuku swichi. Ibonyeze mara kadhaa kwa nguvu. Swichi isiyotumika muda mrefu hushika vumbi na kutu ndani.

*Indiketa na hazadi zote hazipigi, au zinawaka bila kupepesa.* Ni rilei ya kupepesa, ile ambayo mafundi huiita flasha. Badilisha. Ni bei ndogo kuliko taabu yake.

*Zinapiga haraka kuliko kawaida.* Kwa kawaida ni mara 60 hadi 120 kwa dakika. Zikikimbia zaidi ya hapo, balbu moja imeungua au tela halikuunganishwa vizuri. Kama umebadilisha balbu za kawaida ukaweka za LED, rilei ya zamani inaona umeme mdogo na kudhani balbu zimekufa. Weka rilei inayofaa LED.

*Kichwa kinawaka, tela haliwaki.* Chomoa plagi ya tela, tazama pini. Kutu ya kijani ndiyo adui. Safisha, nyoosha zilizopinda, chomeka mpaka ikae. Bado? Fuata kebo mpaka mahali inaposuguana na chuma.

*Taa za tela zinafifia, au hazadi zikipiga na taa nyingine zinapepesa nazo.* Arthi ya tela ni mbovu. Dalili yake ni hiyo: umeme unakosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu za wenzake. Kwangua rangi na kutu pale waya wa arthi unapofungwa kwenye chesisi, kaza.

*Balbu mpya imeungua papo hapo.* Umeweka ya volti 12 kwenye gari la volti 24. Ukifanya kinyume chake itawaka kama mshumaa.

*Unahofia betri.* Piga hesabu. Balbu sita za wati 21 kwenye volti 24 zinakula kama ampea 5 zikiwaka, na kwa kuwa zinawaka nusu ya muda tu, wastani ni ampea 2.6 hivi. Usiku wa saa 10 ni kama ampea-saa 26. Betri nzima ya ampea-saa 180 inahimili bila shida. Kinachoimaliza ni redio, friji na chaja unazoziacha sambamba, kwa hiyo zima hizo kwanza. Betri ikiwa imechoka, washa injini kila baada ya muda, kama injini siyo iliyoharibika.

*Umeme umekata kabisa.* Usirudi kebini kutafuta waya. Vaa kizibao, chukua tochi na pembetatu, ongeza umbali wa pembetatu ya mbali kuliko ungeweka siku nyingine, maana hakuna taa itakayoisaidia. Kisha kaa nje ya barabara, upande wa nyuma ya lori na siyo mbele yake, kwa sababu likigongwa litasukumwa mbele.